Kahawa ya Nani Ndani ya Pakiti?

Huku kwetu mlimani tumelima kahawa kwa zaidi ya miaka 100, lakini wengi wetu tumeilima bila kuinywa. Asubuhi tulikunywa chai, jioni wazee walikunywa mbege, na kahawa ikateremka zake Moshi ndani ya magunia kama mgeni aliyepita njia. Mimi katika utoto wangu niliijua kwa harufu ya maganda yaliyochacha kando ya mfereji, na kwa ada ya shule. Ladha yake niliionja kwa mara ya kwanza nikiwa chuo cha ualimu, na sikuipenda.

Nayasema haya ili msomaji aelewe kwa nini ombi la binti wa marehemu kaka yangu lilinishughulisha kwa miezi kadhaa. Binti huyu anafanya kazi Dar es Salaam. Alitaka kuanzisha kahawa ya pakiti, iliyokaangwa tayari kwa kunywewa, yenye jina la kijiji chetu cha Uru. Kwa kuwa mimi ndiye mzee niliyebaki katika nyumba ile, alikuja kuniomba baraka, na pamoja na baraka, sahihi.

"Baba mdogo," aliniambia, "nembo ninayo tayari. Nimebakiza tu kuamua kahawa itatoka wapi na nani atawafikishia wateja."

Nilimjibu kwamba alichobakiza ndicho biashara yenyewe, na kwamba nembo angeweza kuchorewa na kijana yeyote wa mjini kwa siku moja. Hakukasirika. Alitoa daftari, na ndani yake mlikuwa na njia 3 alizokwisha kuzichunguza. Nilifurahi kuona daftari. Mtu anayekuja na daftari anaweza kusaidiwa.

Njia ya kwanza ilikuwa nyepesi mno. Kulikuwa na kampuni moja, ambayo sitaitaja, iliyomwambia asihangaike na shamba wala mashine. Yeye alete nembo na fedha. Wao wangekaanga, wangesaga, wangejaza pakiti zenye jina lake, na hata kuzipeleka kwa wateja wake wakimwagiza. Angeweza kuwa mfanyabiashara wa kahawa bila kugusa punje moja. Nilimwuliza swali moja tu: kahawa hiyo inalimwa wapi? Akapiga simu kuuliza. Jibu lilikuwa kwamba ni kahawa nzuri ya Tanzania, daraja la juu. Akauliza tena, wilaya gani? Wakasema inategemea msimu.

Sina ugomvi na jibu hilo. Mtu anaweza kuuza kahawa nzuri ya Tanzania kwa uaminifu kabisa, ikichanganywa ya Mbinga na ya Mbozi na ya kwetu, mradi pakiti iseme hivyo. Lakini pakiti ya binti yetu ilikuwa imeandikwa Uru. Hapo ndipo nilipomkumbusha mashine ya kusaga mahindi. Sote tumesimama foleni pale. Yuko mtu anayepeleka debe lake, akalisubiri, akaona mahindi yake yakiingia juu na unga wake ukitoka chini, akalipa ujira wa kusagiwa na kwenda. Yuko mwingine mwenye haraka, anayeacha debe lake na kuondoka na unga wowote uliokwisha sagwa. Wote wawili watakula ugali. Lakini ni yule wa kwanza tu anayeweza kumwambia mgeni wake, "Karibu, haya ni mahindi ya shambani kwangu."

Suala hili la jina ni kubwa kuliko sisi. Kule Japani, jina la Kilimanjaro linajulikana sana kwa wanywaji wa kahawa, pengine kuliko jina la Tanzania yenyewe. Lakini kwa kanuni zao za kuandika pakiti, karibu arabika yote ya Tanzania huruhusiwa kuitwa Kilimanjaro, isipokuwa ile ya Bukoba. Mkulima wa Mbeya, ambaye ili auone mlima huu lazima apande basi siku nzima, kahawa yake inanyweka Tokyo kwa jina letu. Wala yeye hakosi kitu kwa hilo, na labda sisi pia hatukosi. Hata hivyo inaonyesha jinsi jina linavyoweza kusafiri peke yake na kuiacha kahawa nyuma.

Historia yetu nayo inaeleza kwa nini jina la kijiji lilipotea. Kahawa ililetwa na wamisionari wa Kikatoliki mwishoni mwa karne ya 19, ikapandwa Kilema. Mwaka 1925 wakulima wa Kichagga waliunda chama chao cha kwanza, na mwaka 1933 kikafuatiwa na Chama Kikuu cha Ushirika, KNCU, ambacho jengo lake bado linasimama katikati ya Moshi. Mpango ulikuwa mmoja na ulieleweka na kila mzee asiyejua kusoma. Mkulima alichuma zilizoiva, akamenya, akachachusha, akaosha, akaanika, akapeleka chama cha msingi kahawa ikiwa bado na ngozi yake nyembamba. Chama kilipima na kumlipa malipo ya kwanza. Kisha mzigo uliteremshwa kwenye kiwanda cha kukoboa, ukapangwa madaraja, AA, A, B na mengineyo, ukapelekwa mnadani. Baada ya mauzo mkulima alipata malipo ya pili, na mwaka ukiwa mzuri, bonasi.

Haikuwa bila manung'uniko. Mwaka 1937 zilizuka vurugu humu mlimani kwa sababu wakulima walilazimishwa kuuza kahawa yao yote kupitia KNCU wakati bei ilikuwa imeanguka. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu nchi nzima. Vikarudishwa mwaka 1984. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mafungu ya mauzo ulivunjika, bei ikaporomoka, na wengi wetu tukaona majirani wakikata mibuni na kupanda nyanya au majani ya ng'ombe. Katika miaka ya 1990 wanunuzi binafsi waliruhusiwa. Tangu msimu wa 2018 serikali iliagiza kahawa ya wakulima wadogo ikusanywe tena kupitia vyama vya msingi. Nimeyapita haraka kwa kuwa yameandikwa kwingine na watu wanaoyajua zaidi.

Ninachotaka msomaji akione ni kile kilichokuwa ndani ya mpango ule wa zamani. Malipo yale mawili hayakuwa ukarabati wa hesabu za makarani. Yalikuwa jibu la swali gumu kuliko yote katika biashara ya kahawa, nalo ni hili: kahawa huiva mara moja kwa mwaka, lakini hunywewa kila siku. Kuanzia Julai hadi Desemba mkulima anachuma, naye anataka fedha yake kabla ya Januari, mwezi wa sare, madaftari na michango. Mnywaji ananunua pakiti moja leo na nyingine mwezi ujao. Kati ya mikono hiyo miwili lazima awepo mtu wa kubeba miezi iliyobaki. Ama mkulima asubiri, ama mwuzaji akope. Hakuna daftari linaloweza kulifuta pengo hilo.

Binti yetu alikuwa hajalipima pengo lake. Tukakaa chini tukalipima pamoja, nami nakiri ilikuwa raha kurudi kwenye hesabu. Alitumaini kuuza pakiti 40 kwa wiki, za gramu 250. Kwa mwaka ni pakiti 2,080, sawa na kilo 520 za kahawa iliyokaangwa. Kahawa ikikaangwa hupoteza karibu sehemu moja ya 6 ya uzito wake, kwa hiyo angehitaji kama kilo 625 za kahawa safi iliyokobolewa. Nayo kahawa yenye ngozi, ikikobolewa, kilo 100 hutoa takriban 80. Basi angehitaji kama kilo 780 zenye ngozi. Hapo hatujatoa punje zilizovunjika wala zilizotobolewa na wadudu.

Kihamba chetu hakifikishi kilo 120. Mibuni mingi ni ya enzi za baba yangu, na mibuni mizee huku kwetu haitoi hata nusu kilo ya kahawa safi kwa mti. Tumepanda michache ya aina mpya zinazotolewa na kituo cha utafiti cha Lyamungo, zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani, lakini bado ni midogo. Kwa hiyo kilo zaidi ya 650 zingepaswa kutoka kwa majirani. Kaya 12 hivi, kwa jinsi ninavyowajua. Na kaya 12 maana yake ni kina mama 12 watakaosimama mlangoni kwangu mwezi Desemba, kwa sababu yeye yuko Dar es Salaam na mimi ndiye niliye hapa.

Njia ya pili katika daftari ilikuwa kununua mashine yetu ya kukaangia. Hii ndiyo iliyohitaji sahihi yangu. Mdogo wake wa kiume alikuwa ameipigia hesabu: mkopo benki, na dhamana iwe kihamba, kwa kuwa tangu ile Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 mtu anaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila na kuitumia kuombea mkopo. Kijana alizungumza vizuri. Alisema ardhi inayokaa bure ni mtaji uliolala.

Kihamba hakikai bure. Wasomaji wasiotoka huku waelewe kwamba kihamba si shamba tu. Ni migomba na mibuni na zizi, lakini pia ndimo walimolala baba yangu, mama yangu, na kaka yangu, ambaye ni baba yao vijana hawa. Sikuhitaji kusema mengi. Nilimwomba kijana anisindikize hadi migombani, tukasimama pale kidogo, na tulipokuwa tukirudi aliniuliza habari za ng'ombe.

Nilimweleza pia sababu isiyo ya makaburi, maana sipendi kushinda hoja kwa makaburi peke yake. Mashine ya kukaangia ina faida ikifanya kazi kila siku. Kilo 520 kwa mwaka ni kilo 10 kwa wiki. Mashine ndogo ya biashara huzimaliza kabla ya saa sita mchana, kisha hulala siku 6, na riba hailali. Angelazimika kutafuta kahawa za watu wengine za kukaanga ili kuilisha, na hapo angekuwa ameacha biashara ya pakiti na kuingia biashara ya mashine, ambayo ni nyingine kabisa na ina wenyewe pale mjini.

Ikabaki njia ya tatu, ile ya debe la mahindi: kahawa iwe yetu, mashine iwe ya mwingine. Kuna watu huona aibu kwa njia hii, kana kwamba asiye na kiwanda si mfanyabiashara wa kweli. Niliwatolea mfano wa Cafédirect ya Uingereza. Ilianzishwa mwaka 1991 na mashirika 4, Oxfam likiwa mojawapo, baada ya ule mporomoko wa bei. Ilipoanza haikuwa na kiwanda chake cha kukaangia. Ilichokuwa nacho ni vyama vya wakulima iliyowajua kwa majina, KNCU yetu ikawa miongoni mwao, na ahadi ya kulipa bei isiyoshuka chini ya kiwango walichokubaliana. Kukaanga walimlipa mwenye mashine. Jina lao liliaminika kwa sababu waliweza kueleza kahawa ilitoka kwa nani.

Kwetu sisi njia hii ina mlango wake. Jirani hawezi kukupimia kahawa usiku nyuma ya nyumba. Inapita chama cha msingi, na anayetaka kukaanga na kuuza anahitaji leseni ya Bodi ya Kahawa. Binti alikwenda mwenyewe katika ofisi za Bodi hapo Moshi, akapita na SIDO kuuliza habari za vifungashio, na akaanza safari ya kutafuta alama ya TBS. Vilevile tulikubaliana na viongozi wa chama kwamba kahawa ya kaya zile iwekwe kando, magunia yake yatiwe alama, na ikobolewe kama mzigo wake yenyewe. Jambo hili lina gharama. Mzigo mdogo ni usumbufu kiwandani, na mwenye mashine ya kukaangia naye hataki kukuwashia moto kwa kilo 2. Yule tuliyempata alikubali kwa sharti kwamba tulete si chini ya kilo 15 kila mara, na binti yetu asimame hapo au amweke mtu. Mtu huyo ni mimi. Nachukua kiti changu na gazeti.

Nikiwa na miaka zaidi ya 70 nimejifunza kwa kukaa pale kwamba punje hupasuka kwa mlio, kama kuni mbichi, na kwamba anayekaanga husikiliza kuliko anavyotazama.

Halafu likaja suala la kuwafikishia wateja, ambalo nilidhani ni dogo, kumbe ndilo lililotugawa. Mwenye duka mmoja wa Dar es Salaam alikuwa tayari kuchukua pakiti 300 kwa mkupuo, kwa mali kauli. Zikiuzwa atalipa, zisipouzwa zitarudi. Binti alifurahi mno. Pakiti 300! Mimi niliuliza zitakaa rafuni muda gani. Kahawa safi, ikiwa kavu na gunia likiwa mahali pakavu penye hewa, huvumilia miezi mingi. Ikikaangwa, saa yake imeanza kwenda. Ikisagwa, saa hiyo inakimbia. Pakiti iliyokaa miezi 5 kwenye joto la Dar es Salaam ikirudi Moshi hairudi kahawa, inarudi karatasi yenye jina letu. Na mteja aliyeionja ikiwa hivyo hatamlaumu mwenye duka. Ataisoma pakiti, aone Uru.

Tulibishana wiki 2, kwa simu, kwa heshima. Yeye alikuwa na hoja: asiyeonekana dukani hajulikani. Ni kweli. Mwishowe alipunguza mwenyewe. Ataanza na pakiti 20 kwa wiki badala ya 40, ili mzigo wa mwaka uwe kama kilo 390 zenye ngozi, na deni kwa majirani liwe lile analoweza kulibeba kwa akiba yake bila benki. Kahawa inabaki Moshi ikiwa safi, haijakaangwa. Wateja wanaagiza na kulipa kwa simu. Kila baada ya wiki 2 tunakaangisha kwa kadiri ya walioagiza na kuongeza kidogo. Pakiti zinapanda basi la usiku na asubuhi anazipokea stendi. Mwenye duka atapewa pakiti 30, kwa fedha taslimu, akitaka. Hakutaka mwanzoni. Mwezi uliopita amechukua 12.

Kuhusu malipo tumerudia yale ya wazee. Chama kinawalipa kaya zile kama kinavyowalipa wanachama wote kwa msimu huo, na fedha ya kulipia mzigo inatoka kwa binti kabla ya kahawa kutoka ghalani. Kisha mwezi Juni, pakiti zikisha kuuzwa, kuna nyongeza, naye ameahidi kuisoma hesabu hadharani, mapato na matumizi, mbele ya kina mama. Nilimtahadharisha kwamba kina mama wa Uru wanajua kutoa na kugawanya.

Kwenye pakiti tumeandika jina la kijiji, mwaka wa mavuno na tarehe ya kukaangwa. Neno Kilimanjaro tumeliweka kwa herufi ndogo, chini, kama anwani. Yeye alitaka liwe kubwa zaidi na mazungumzo bado hayajafungwa.

Kaya 8 zimekwisha kuandikisha majina kwa msimu unaoanza Julai. Nyingine 4 zimesema zitasubiri kuona malipo ya pili.